Kiti Kinachobisha Hodi

Sogeeni, wajukuu zangu, na huyo mwenye miguu ya vumbi akae pembeni ya mkeka. Nawategea, na anayejua asidakie. Nina mgeni hana mguu wala mkono. Mlango hafungui, dirisha havunji, ukuta hatoboi, lakini akitoka ndani kwangu anajua chungu changu kimeganda mafuta kiasi gani.

Panya? Panya ana miguu minne, we mtoto. Jini? Usiniletee majini mchana huu. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Mkalama sitaki, mlinipa jana. Nipeni Dodoma. Haya, nimekwenda Dodoma, nimekula zabibu zao mpaka meno yameingia ganzi, nimerudi.

Mgeni huyo ni sauti.

Si sauti kama hii yangu ya kukohoa. Ni sauti nyembamba ambayo popo angeisikia lakini wewe huisikii. Inapita kwenye ngozi bila kuchana wala kuchoma, inafika kwenye ini, inarudi na habari. Nyinyi mmezaliwa mkakuta viti vya hodi viko kila mtaa, mnavikalia kama mnavyokalia ndoo. Mimi nilikuwepo vilipokuja. Cha kwanza cha mtaa wetu, hapa nyuma ya viwanda vya alizeti vya Singida, kiliwekwa sebuleni kwangu. Na kiti hicho ndicho kilichonigombanisha na babu yenu, mtu niliyekula naye sahani moja miaka arobaini na mitatu.

*

Mimi niliishia darasa la saba, mnajua. Walipokuja kutafuta mtu wa kutunza kiti, wasomi walijipanga na vyeti vyao. Nesi Prisila wa zahanati akasema, "Kusoma picha nitamfundisha yeyote kwa miezi miwili. Kunyamaza siwezi kumfundisha mtu." Akanichagua mimi, kwa sababu nilikuwa mkunga wa siri za mtaa mzima na hakuna hata moja iliyowahi kutoka kwangu ikiwa hai.

Kilikuwa kiti cha kuegemea, rangi ya udongo. Mgongoni, pale mbavu za kulia zinapogusa, kilikuwa na kitambaa laini kama tumbo la paka, na sauti ilitokea humo. Mtu akikaa, kiti kinabisha hodi. Aliyekaa akisema karibu, kinaangalia. Asiposema, kinanyamaza na yeye anaondoka zake. Basi.

Asubuhi ya siku ugomvi wetu ulipoanza alikuja Bi Stamili, jirani yangu, amemshika mkono mumewe Gwau, dereva wa lori, kama amemkamata akiiba kuku.

"Kaa hapo."

"Nimekaa."

"Hodi?" kiti kikasema, kwa sauti ndogo ya heshima, kama mkwe anayesimama uani.

Gwau akaangalia dari.

"Karibu!" akajibu Bi Stamili.

"Samahani," kiti kikasema. "Aliyejibu siye aliyekaa. Hodi?"

"Mimi ni mke wake!" Akanigeukia. "Mama Hidaya, hiki kiti chako kina kiburi."

"Si kiburi, shoga yangu. Hilo ini si lako."

"Miaka kumi na tisa ninalilisha, halafu si langu?"

Gwau akacheka mwenyewe. "Karibu basi," akakiambia kiti, "yaishe, nina safari ya Manyoni."

Pumzi tatu tu. Kwenye kitambaa cheupe nilichotundika ukutani likatokea ini lake, kubwa kama kiatu cha askari, rangi ya zambarau yenye mabaka ya njano. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi. Sauti ikipita kwenye nyama safi, inakwenda mbali. Ikikutana na mafuta, inamezwa, kama mtu anayepiga kelele ndani ya godoro. Kwa hiyo kiti kinapima sauti iliyomezwa, kinaipaka njano. Halafu kinagonga kidogo, tuk, na kusikiliza mtikisiko unavyokimbia. Ngoma iliyolegea, mtikisiko wake ni mzito, unatembea. Ngoma iliyowambwa, unakimbia. Ini zima ni laini, mtikisiko unatembea. Ini lenye makovu limewambwa, mtikisiko unakimbia. Chini ya sita ni salama. Gwau alikuwa na tano.

"Kovu huna," nikamwambia. "Mafuta unayo, lakini yanaweza kutoka."

Akashtuka. "Mama Hidaya, mimi pombe sijawahi kuonja!"

"Nimekuuliza?"

"Watasema. Mtu akisikia ini, anasema mlevi."

"Hawatasikia kwangu. Na ini halijui dini ya mtu, mwanangu. Unakunywa soda ngapi barabarani?"

Bi Stamili akaonyesha vidole vinne, kisha akaongeza cha tano.

"Basi hiyo ndiyo pombe yako. Sukari isiyopata kazi ya kufanya, ini linaigeuza mafuta na kuyatia ghalani. Usukani haumchoshi mtu vya kutosha kuyatoa. Tembea, acha soda, rudi baada ya miezi sita."

Waliondoka wakigombana kwa mapenzi, na mimi nikakumbuka kwa nini hodi iliwekwa. Viti vya mwanzo kabisa havikubisha. Huko mijini viliwekwa kwenye vituo vya mabasi na milangoni mwa ofisi, mtu anakaa kupumzika, kumbe anasomwa. Kuna walionyimwa kazi, na kuna posa zilizorudishwa kwa sababu mama mkwe aliona njano. Kwa kuwa mashine haigusi, watu walisahau kwamba inaingia. Ndipo ikaja Sheria ya Hodi: picha iliyopigwa bila karibu ya mwenyewe ifutwe kabla jua halijatua, na aliyeiona asiibebe kwenda nayo kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye ini. Akiibeba, kiti kinahama.

*

Sasa babu yenu.

Salimu Ntandu alikuwa fundi wa mitambo ya kukamua alizeti. Kelele za mitambo zilikuwa zimemla masikio, akawa hasikii kitu kidogo kuliko injini. Mwili alikuwa nao, tumbo limetangulia kama mjumbe, na chai yake ilikuwa ya vijiko vinne, na kando ya kikombe vitumbua vitano, vya kwangu mimi, vya moto. Miaka mitatu kiti kilikaa sebuleni kwake na hakukikalia hata mara moja. Nikimwambia, "Baba Hidaya, mtaa mzima umekaa, wewe tu," ananitazama kwa yale macho yake ya kuchokoza.

"Wewe ni nani wangu?"

"Mkeo."

"Wewe ni nyonda mkalia ini. Sasa ini langu limeshakaliwa, kiti kitakaa wapi?"

Nacheka, na siku inapita. Ndivyo alivyonishinda miaka mitatu, kwa kunichekesha.

Siku ile ya Gwau, kigoda chake cha kuvalia viatu hakikuwepo. Mdogo wake, shemeji yangu Mughwai, alikuwa amekiazima kwa kikao cha harusi. Baba Hidaya akatoka chumbani na buti mkononi, akatafuta kigoda, hakukiona, na bila kufikiri akajitupa kwenye kile kiti, akaegemea, akainua mguu avute buti. Na mimi, baada ya Gwau, nilikuwa sijakizima.

Mughwai akafika mlangoni na kigoda begani. "Hodi hapa!"

Na kiti, mgongoni mwa mume wangu, kwa sauti ile ile ya mkwe: "Hodi?"

Yeye akamsikia wa mlangoni peke yake. "Karibu! Karibu ndani!" akanguruma.

Nilikuwa jikoni natoa chai. Nilisikia hodi mbili na karibu moja, na moyo ukanipasuka kabla miguu haijatembea. Nilipofika sebuleni pumzi tatu zilikuwa zimekwisha. Mughwai alikuwa ameinama anaweka kigoda chini. Baba Hidaya anafunga kamba. Na ukutani, nyuma ya kichwa chake, ini lake lilikuwa limening'inia kama jua.

Njano yote. Si mabaka, wajukuu zangu. Kiini cha yai. Na pembeni, namba: kumi na moja.

Nikakivuta kitambaa, kikaanguka chini.

"Mama Hidaya, mbona umesimama kama umeona nyoka?"

"Vumbi," nikasema. "Nimeona vumbi kwenye kitambaa."

"Huyu," akamwambia Mughwai huku akicheka, "siku nikifa ataniosha mara mbili."

*

Nilikwenda zahanati kwa miguu, sikusalimia mtu. Nesi Prisila alikuwa peke yake, anaandika.

"Nesi, nina kitendawili."

"Mama Hidaya na vitendawili vyako. Haya, tega."

"Mtu amesikia mwenye nyumba anasema karibu, akaingia. Kumbe aliyekaribishwa ni mwingine. Lakini ameshaingia, na huko ndani ameona moto umeshika dari. Mwenye nyumba haujui. Afanyeje?"

Kalamu ikapungua mwendo. "Nyumba ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu wa karibu?"

"Analala upande wa ukutani."

Akaiweka kalamu chini. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa tatu, lakini siku hiyo alinishika mkono kama mama.

"Futa, Mama Hidaya. Kabla jua halijatua. Usimwambie yeye, na mimi usiniambie."

"Hata mwenye dari?"

"Hata yeye. Mtu ana haki ya kutojua. Sheria ile iliandikwa na watu waliolia kwanza. Unaweza kumwomba akae. Omba kila siku, kuomba si kosa. Ila ukimsukuma kwa kile ulichokiona, umeingia mara ya pili, na safari hii kwa makusudi."

"Kumi na moja," nikasema.

"Sijasikia." Akainuka, akafunga dirisha lililokuwa halina haja ya kufungwa. Aliongea akiwa amenipa mgongo. "Ila ningesikia namba hiyo ikiokotwa njiani, ningesema kovu limeanza, lakini bado halijakomaa. Mtu mnene akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, akaacha sukari, akapewa dawa na kufuatiliwa, ini linasamehe. Ni kiungo chenye huruma kuliko vyote. Lakini huruma yake ina mwisho. Mwaka, labda miwili. Likishakuwa gumu kama kisigino, halisamehi tena."

*

Nilifuta. Ni kugusa mara moja tu. Kichwani ndiko sikupata pa kugusa.

Jioni nikamwomba. "Baba Hidaya, kaa leo tu, kwa ajili yangu."

"Ini langu limeshakaliwa."

Safari hii sikucheka, na yeye akashangaa kidogo.

Basi nikafanya nilichojua kufanya. Vijiko vinne nikavifanya vitatu. Wiki ya pili, viwili. Vitumbua nikasema mchele umeota wadudu. Kuku nikamchemsha na ndimu badala ya kumkaanga. Ugali ukawa wa uwele, kipande kidogo, na mlenda umejaa sahani kama bwawa. Mchana namwambia twende tukamsalimie fulani, na huyo fulani siku zote anakaa mbali.

Nilijiona mjanja. Sikuwa nimemwambia neno, sheria sijavunja. Nampenda, namponya, naye hajui. Kuna ubaya gani?

Siku chai ilipobaki kijiko kimoja, alikinywa kikombe chote bila kusema. Akakifunika kwenye sahani.

"Sukari imeadimika?"

"Ipo."

"Basi ni mkono wako." Akanitazama, si kwa macho ya kuchokoza. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mama Hidaya, nimekuuliza."

"Kunywa chai, Baba Hidaya."

Ijumaa, baada ya swala, akaja na Mughwai. Nikajua ni kikao. Mughwai alikaa kwenye mkeka, akajikohoza kama hakimu.

"Shemeji, kaka ana malalamiko. Nataka nisikie pande zote. Kaka, amekutukana?"

"Hapana."

"Amekufungia mlango?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula?"

"Nakula."

"Sasa?"

"Chai."

Mughwai akangoja. "Chai imefanyaje?"

"Imekuwa maji ya kusuuzia vikombe."

Nikamwona shemeji anajing'ata mdomo. "Na nini kingine, kaka?"

"Vitumbua. Juzi nimeota kitumbua. Nimeamka nimekumbatia mto."

Hapo Mughwai alishindwa, akacheka mpaka kofia ikamtoka, na mimi nikacheka. Babu yenu hakucheka. Akasubiri tumalize.

"Chekeni," akasema. "Mimi huyu mwanamke nimemjua kwa mkono wake. Hajawahi kuniambia ananipenda, anatia kijiko cha nne. Hidaya alipozaliwa alitia cha nne. Nilipofukuzwa kazi kiwanda cha kwanza alitia cha tano. Sasa mwanamke wa namna hiyo akianza kukupimia sukari, maana yake nini? Amekuchoka, au umemtenda jambo. Nimekaa nimejipekua wiki tatu nzima. Sijaliona. Muulize, Mughwai, nimemkosea nini, nimwombe radhi niishi."

Wajukuu zangu, niliisikia sauti yake inaomba, sauti ya mtu anayezungumza na injini, na nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimekataa kuingia kwa mlango, halafu wiki tatu nzima nikawa napita dirisha la jikoni. Nililinda sheria ya kiti, na mume wangu nikamwacha nje, anajipekua kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shemeji," nikasema, "tuachie nafasi kidogo."

Mughwai akaangalia uso wangu, akaokota kofia, akatoka bila neno.

Nikasogea mpaka sikio lake zuri, la kushoto. "Wewe hujanikosea. Ni mimi. Siku Mughwai aliporudisha kigoda, ulikuwa umekalia kiti. Ulimkaribisha yeye, na kiti kikadhani umekikaribisha chenyewe. Nimeliona ini lako, Baba Hidaya. Nimefuta, lakini nimeliona. Nisamehe."

Akageuka, akakitazama kile kiti.

"Kwa hiyo kijiko cha nne..."

"Nakupenda. Ndicho nilichokuwa natia kwa kutokutia."

Mdomo wake ulitaka kucheka, ukakataa. Nikavuta pumzi nimwambie yote, njano na namba, liwalo na liwe. Akainua kiganja.

"Usiniambie ulichoona."

"Sikwambii."

"Hata kwa mficho. Hata kwa kitendawili."

"Sikwambii. Lakini nijibu moja tu. Mtaa mzima umekaa. Wazee wenzio wamekaa, imamu amekaa. Hakiumi, hakichukui dakika. Miaka mitatu nimekuomba. Kwa nini hukutaka kusema karibu?"

Akavaa kofia, akaingiza miguu kwenye viatu bila kukaa popote, akatoka.

*

Kesho yake nikajishtaki. Nilimweleza Nesi Prisila kila kitu, akaandika, hakunigombeza. Alipomaliza alisema, "Kiti kitahama Jumatatu. Kitakwenda mtaa wa juu." Kisha akasema, "Mimi pia ningesema, Mama Hidaya," na hilo hakuliandika.

Nyumbani, babu yenu alikuwa mtu wa adabu mpaka inauma. Anakula, anasema asante. Namtegea kitendawili kama ilivyokuwa desturi yetu tangu uchumba, hasemi tega. Chai nikamwekea bakuli la sukari mbele yake na kijiko ndani, ajipimie. Hakugusa bakuli. Alikunywa kavu, kikombe kizima, na kila akimeza nilikuwa namtazama koo nikijiuliza, huyu anajiponya au ananiadhibu?

Jumapili mchana nilimpelekea chakula kiwandani. Mitambo ilikuwa imezimwa, anasafisha mashudu yaliyogandamana kwenye kinu, peke yake, mafuta mpaka viwiko. Nikaweka sahani juu ya gunia. Ugali wa uwele, mlenda, kipande cha kuku.

"Kesho wanakichukua kiti," nikasema. "Nimewaambia mimi mwenyewe."

Alisugua, alisugua. Nikadhani hajasikia, maana nilikuwa upande wa sikio bovu. Nikageuka niondoke.

"Baba yangu humjui," akasema.

Nikasimama. Ni kweli, alikufa miaka miwili kabla sijaolewa. Nilimjua kwa jina tu, Mzee Ntandu, mtu wa swala tano.

"Alikufa na tumbo kama ngoma, macho manjano, miguu imevimba. Mughwai alikuwa anatambaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Watu walikuja msibani, wanakula ubwabwa wetu, wananong'ona: ini hilo. Swala zote zile, kumbe alikuwa anakunywa kwa siri." Akaacha kusugua. "Na mimi nikaamini, Mama Hidaya. Nilipekua sanduku lake. Nilipekua ghala la mtama. Nilifukua mpaka chini ya mtungi wa maji. Sikuona chupa. Unajua nilisema nini? Nilisema, kaificha vizuri."

Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono wenye mafuta, amalize kwanza.

"Siku ya kumwosha, mimi ndiye niliyeshika kichwa. Walipokuwa wanamimina maji upande wa miguu, niliinama. Walidhani namsomea dua. Nilikuwa namnusa mdomo."

"Baba Hidaya..."

"Ulinuka iliki. Mama alikuwa amemnywesha chai kwa kijiko mpaka mwisho, hicho tu ndicho kilichokuwa kinapita. Na mimi nikasema moyoni, ametafuna iliki ili kuua harufu. Nikamzika na neno hilo. Mpaka leo sijamwombea kama mtoto anavyomwombea baba. Naomba, ulimi unakwama."

Akachukua tambara, akajifuta kidole kimoja kimoja, polepole.

"Umeniuliza kwa nini. Mimi sijaonja pombe maisha yangu yote, unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kama kiti kikisema ini langu ni zima, basi baba alikuwa mlevi na mimi nilikuwa sahihi, na sitaki kuwa sahihi. Na kama kikisema ninalo ini kama lile, basi baba yangu alikuwa msafi, na mimi nilimnusa maiti. Sikujua lipi baya zaidi, ndiyo maana nikawa nakuchekesha." Sasa alinitazama. "Lakini wiki tatu umeninyima sukari, na mkono wako haujawahi kunidanganya. Kwa hiyo leo, kabla hawajakichukua, nitakaa, nitasema karibu kwa sauti, na Mughwai atakuwepo asome ukutani na yeye, ajue kwamba baba yetu alikuwa anakunywa chai."